Miaka Miwili ya Bukavu

Binti yangu alifika Durban na miaka miwili ya chuo kikuu, na mimi baba yake ndiye niliyemwambia aifiche. Nalisema hili mwanzoni kabisa ili mtu yeyote asije akanisimulia kanisani kana kwamba yeye ndiye aliyeligundua. Kosa lilikuwa langu. Kulinyoosha, nusu ni mimi, nusu ni binti.

Mimi ni mtu wa Uvira. Shule niliiacha darasa la nne, nikiwa najua kusoma, kuhesabu na kutia sahihi, na mengine yote nimeyaokota njiani. Hapa Durban nilianza kwa kulinda magari ya watu Greyville siku za mbio za farasi. Leo nina karakana ya makochi Mobeni: nusu ya ghala, mashine tatu za kushonea, na watu wanne wanaolisha watoto wao kwa kazi yangu. Sijisifu. Au basi, najisifu, nani atanizuia?

Niliondoka Kongo binti huyu akiwa mdogo, nikamwacha Bukavu kwa mama yangu. Jina alilopewa ni la huyo mama yangu, kwa hiyo tangu azaliwe namwita mama. Alisoma huko huko, akapata diplôme d'État, cheti cha kumaliza sekondari, akaingia chuo kikuu kusomea ujenzi wa barabara na madaraja. Alifanya miaka miwili, na yote miwili alipata distinction. Kwa msomaji asiyejua mambo ya Kongo: kwetu ukipata asilimia sabini profesa haamini, anasahihisha mara ya pili. Wengi wanapita na hamsini na kitu, na wanachinja mbuzi. Kila matokeo yalipotoka alinitumia picha kwenye simu, nami nikamwonyesha kila aliyeingia karakana. Mama mmoja aliyeleta kiti cha marehemu mume wake alilazimika kusikiliza habari za distinction kwanza, ndipo nikampimia kitambaa.

Halafu mambo ya Bukavu yakaharibika, mnayajua, sina haja ya kuyaandika. Masomo yakasimama. Mama yangu alikuwa amekwisha kufariki. Nikamwambia binti aje. Alikuja kwa barabara, mpaka mmoja baada ya mwingine, na alipofika akamaliza mwaka mzima akihangaikia karatasi za ukimbizi na kujifunza Kiingereza. Kisha akasema anataka kurudi chuo.

Hapo ndipo swali lilipotokea. Chuo kikuu kina milango miwili. Mlango wa kwanza ni wa wanafunzi wapya, waliotoka sekondari na hawajagusa chuo chochote. Mlango wa pili ni wa wale waliosoma kwingine na sasa wanahamia, wanaleta masomo yao yapimwe. Binti alitaka mlango wa pili. Mimi nilitaka wa kwanza.

Nilikuwa na sababu mbili. Ya kwanza nilipewa na mtu wa kanisa letu, mtu wa Lubumbashi, mwenye duka la simu katikati ya mji. Ndani ya duka hilo ana kazi ya pili, ya kuwajazia watu fomu kwenye kompyuta: fomu za vyuo, za kazi, za watoto wa shule. Amejaza nyingi hata anazungumza juu yake kama daktari juu ya magonjwa.

"Ukiandika kwamba alisoma Bukavu," akaniambia, "watakuomba karatasi ambazo hata wakubwa wa chuo chenyewe hawana. Iko swali hapa: umewahi kusajiliwa chuo kingine? Tunaweka hapana. Anaingia kama mtoto aliyemaliza shule jana. Sharp, kazi imekwisha."

"Na wakijua?"

"Watajulia wapi, mzee? Unafikiri kompyuta ya Durban inaongea na ya Bukavu? Ya Bukavu haiongei hata na ya Bukavu."

Nilicheka, na mtu akikuchekesha unamwamini haraka kuliko inavyofaa.

Sababu ya pili ilikuwa yangu mwenyewe, na ndiyo niliyoipenda zaidi. Katika kazi ya makochi, mara nyingi mteja anakuletea kochi ambalo fundi mwingine aliliacha katikati. Alilipwa, akashona upande mmoja, akapotea. Fundi mchanga atafurahi, ataendelea pale pale mwenzake alipoishia. Mimi siendelei. Natoa kitambaa, natoa sponji, natoa misumari, mpaka nibaki na mbao. Chini ya kitambaa cha mtu mwingine nimekuta springi iliyofungwa kwa kamba ya kiatu. Nimekuta katoni mahali pa sponji. Siku moja nilikuta mifuko ya plastiki imesokotwa na kujazwa ndani kama soseji. Mimi nikikuuzia kochi nataka kujua kila msumari uliomo.

Basi nikaona chuo ni hivyo hivyo. Anza kwenye mbao.

Niliwaeleza mezani, jioni, mke wangu na binti. Nilieleza vizuri, pamoja na ile habari ya soseji. Binti alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi si kochi, papa."

"Nani amesema wewe ni kochi?"

"Wewe. Sasa hivi."

Mke wangu, ambaye anasuka nywele mjini na amezoea kusikia ugomvi wa watu huku mikono yake ikiendelea na kazi, akacheka ndani ya sahani yake.

"Papa," binti akasema, "miaka mbili nimeamka saa kumi alfajiri kufanya foleni ya maji, ndipo niende kutafuta kiti kwenye ukumbi wa masomo, auditoire. Ukichelewa unaandika umesimama, daftari kwenye mgongo wa mwenzako. Hesabu nimefanya, fizikia nimefanya, nimepita zote. Sasa unasema niandike sikuwepo?"

"Sisemi hukuwepo. Nasema uanze upya, vizuri, kwa Kiingereza chao. Una miaka ishirini na mitatu, si bibi."

"Na wakiniuliza nilikuwa wapi?"

"Nyumbani. Ulikuwa unasaidia."

"Nilikuwa namsaidia nani?"

"Mama," nikamwambia, "mimi ndiye nalipa."

Akaanza kukusanya sahani. Neno hilo nalitumia kama nyundo. Linafanya kazi, ndiyo maana nalitumia.

Wiki hiyo hiyo tulikaa watatu mbele ya kompyuta pale dukani, watu wakipita mgongoni mwetu kutafuta chaja na vioo vya simu. Mwenye duka alipofika kwenye lile swali hakumtazama binti. Alinitazama mimi. Nikaitikia kwa kichwa. Akabonyeza hapana. Mwisho wa fomu kuna mahali pa kuapa kwamba yote yaliyoandikwa ni kweli, na hapo hakuna anayeweza kumsaidia mwombaji. Binti aliweka jina lake kwa mkono wake, akasimama, akasema anatusubiri nje.

Baada ya muda ujumbe ukaja. Kwa kuwa diploma yake ni ya nchi nyingine, alete karatasi asili zikaguliwe. Angeweza kwenda peke yake, na alisema hivyo. Lakini mimi kochi silipangii bei kwa picha ya simu, naenda nyumbani kwa mteja nilikalie. Siwezi kumpeleka mtoto wangu mahali ambapo sijapakanyaga. Nikavaa suti. Ndani ya koti, kifuani, nikaweka bahasha.

Bahasha hiyo nayo nieleze. Mtu yeyote aliyeishi kwa ukimbizi anaijua. Karatasi haziachwi nyumbani. Nyumba inaweza kuungua, unaweza kufukuzwa kabla ya chai. Ukienda ofisi yoyote unabeba zote, iwe umeombwa moja au hukuombwa hata moja. Yangu ina kadi za ukimbizi za nyumba nzima, vyeti vya ubatizo, hata kadi ya chanjo ya mwanangu wa kwanza ambaye sasa ana ndevu. Na zilikuwemo zile karatasi za pointi za binti, zile tunazoziita relevé, za mwaka wa kwanza na wa pili, zenye muhuri. Binti aliniona nikiiweka bahasha.

Dirishani tulimkuta mama wa Kizulu wa umri wangu, miwani yake imening'inia kwa uzi shingoni. Nilimsalimu kwa lugha yake, akafurahi, akaniita Baba. Mazungumzo yalikuwa ya Kiingereza na Kizulu. Nayaweka hapa kwa lugha yangu.

Akaisoma diploma, akahesabu kwa kidole.

"Hii ni ya zamani kidogo," akamwambia binti. "Miaka mitatu na zaidi. Tangu hapo ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nyumbani," binti akajibu. "Nilikuwa nasaidia."

"Unasaidia nini?"

"Kazi za nyumbani."

Yule mama akaandika. Hakuwa na ubaya wowote, na ndiyo maana maneno yake yaliniingia. "Miaka mitatu bila hesabu ni mingi, mwanangu. Uhandisi si mchezo. Hesabu inapoa kichwani. Nitakuwekea alama hapa, wakuangalie kwa ile programu ya maandalizi. Mwaka mmoja urudie hesabu za sekondari kwanza, halafu tuone kama unaweza."

Hesabu za sekondari. Kama unaweza.

Nilimtazama binti. Alikuwa anatazama kaunta, mikono nyuma, kama mtoto aliyeshikwa na sukari mdomoni. Huyu aliyesimama auditoire akiandikia mgongo wa mwenzake. Huyu niliyemtangaza kwa kila mteja mpaka mke wangu akaniambia nipumzike. Nilikuwa nimemvalisha katoni mahali pa sponji, mimi mwenyewe, na sasa mtu amekaa juu yake na kuona pamebonyea.

"Hakukaa nyumbani!" nikasema.

Sauti yangu ni ya karakana. Nimezoea kusema juu ya mashine tatu zinazolia pamoja. Foleni yote nyuma yetu iligeuka.

"Huyu alikuwa chuo kikuu! Miaka miwili! Wa kwanza distinction, wa pili distinction!" Nikatoa bahasha, nikamwaga kila kitu juu ya kaunta. Kadi ya chanjo ikateleza upande wake. "Hizi hapa. Muhuri huu hapa. Soma, Ma. Soma hiyo hesabu."

"Papa," binti akaninong'oneza kwa Kiswahili, "unafanya nini?"

"Nasema kweli."

"Leo?"

Yule mama alivaa miwani. Akazisoma relevé polepole, ingawa ni za Kifaransa. Pointi ni pointi. Kisha akageuza kioo cha kompyuta kidogo ili tukione.

"Baba, hapa wameuliza kama amewahi kusoma chuo kingine. Imeandikwa hapana."

"Mimi ndiye niliyesema iwekwe hapana."

"Wewe ndiye unayeomba kusoma?"

"Hapana."

"Hii sahihi ni ya nani?"

Nikaivuta kadi ya chanjo irudi upande wangu.

"Ni yangu," binti akasema.

Mama yule aliweka mikono juu ya relevé kama mtu anayezuia zisipeperuke. Alizungumza na binti, si na mimi. "Ukiingia kwa fomu hii, uongo huu unaingia pamoja nawe. Tukija kuujua mwaka wa nne, tunakutoa mwaka wa nne, hata kama umebakiza mtihani mmoja. Hatumtoi baba yako. Tunakutoa wewe."

Mimi ni mtu mgumu. Nimeibiwa, nimepigwa, nimefungiwa mlango na watu niliowavalishia makochi. Lakini lile neno, tunakutoa wewe, lilinifanya nishike ukingo wa kaunta. Nilidhani namtafutia njia salama. Kumbe nilikuwa nimemwekea bomu kwa jina lake, na mimi nimesimama mbali.

Kuomba msamaha mara kumi si kawaida yangu. Nikauliza: "Ma, tunafanyaje?"

Nadhani alilipenda swali hilo. Alituambia tuifute ile fomu, siku ile ile, tujaze nyingine ya kuhamia. Fomu hiyo ina mahitaji yake: relevé zitafsiriwe na mtafsiri aliyeapishwa, maelezo ya kila somo alilosoma, na barua kutoka chuo cha kwanza kwamba aliondoka na tabia njema. Mlango unafungwa mwisho wa mwezi. Zilibaki siku kumi na tisa.

Tulipokuwa tunakusanya karatasi zetu akaniuliza, "Baba, kwa nini ulificha kitu kizuri namna hii?"

"Nilishauriwa vibaya."

"Na nani?"

"Na mimi."

Akacheka mpaka miwani ikadondoka kifuani.

Tukiwa garini tulifika kwenye robot, taa za barabarani, ikawa nyekundu.

"Ungenyamaza tu, papa, tungekuwa tumemaliza," binti akasema.

"Ulitaka kurudia hesabu za sekondari?"

"Hapana."

"Basi."

Ikawa kijani. Mwenye taxi nyuma yetu akapiga honi kabla hata rangi haijatulia.

"Papa, ile sahihi."

"Najua."

"Ningefukuzwa mimi."

"Nimesikia, mama. Alisema nami nikiwepo."

"Kuanzia leo fomu zangu najaza mwenyewe."

"Jaza," nikamwambia.

Siku zile kumi na tisa sikuwa bosi wa kitu chochote. Ilikuwa kazi yake. Rafiki yake mmoja aliyebaki Bukavu alikwenda ofisi ya fakilte, yaani kitivo, siku nne mfululizo, akapiga picha maelezo ya kila somo, ukurasa kwa ukurasa, akawa anazituma mtandao ukipatikana. Picha nyingine zilikuja na kidole chake pembeni. Barua ya tabia njema ndiyo iliyotutesa, maana mwenye kuitia sahihi alikuwa safarini, kisha yupo lakini muhuri haupo, kisha muhuri upo lakini umeme haupo. Ilifika zikiwa zimebaki siku mbili. Mimi nilikuwa dereva: kwa mtafsiri, kutoka kwa mtafsiri, kurudi kwa mtafsiri kwa kuwa aliandika udongo mahali pa mchanga na binti akakataa. Mtafsiri alisema ni kitu kimoja. Binti akamweleza tofauti yake kwa dakika kumi, nami nimekaa pale kwenye kiti chake kilichochakaa, nafurahi kama niko kwenye mpira.

Fomu aliijaza jikoni. Nilipovuta kiti nikae karibu, aliniambia kwa adabu kabisa kwamba sebuleni iko nafasi nzuri. Nikaenda sebuleni. Nikasikiliza vidole vyake. Viliposimama kwa muda mrefu nikajua amefika kwenye lile swali, nikataka kupiga kelele, ndiyo, weka ndiyo. Vikaendelea.

Jibu lilichukua wiki nyingi. Lilipokuja alinisomea na kunigeuzia kwa Kiswahili, sentensi moja moja. Wamempokea. Masomo yake ya Bukavu wameyapima. Mengine wameyakataa, masomo matano wameyakubali: hesabu, fizikia na mengine matatu. Sasa wanampa achague. Anaweza kuingia mwaka wa pili, lakini abebe pamoja nao masomo ya mwaka wa kwanza ambayo hakuyafanya. Au aanze mwaka wa kwanza, na yale matano asamehewe, asiyarudie.

"Mwaka wa pili!" nikasema. Hata hakuwa amekunja karatasi.

Jumapili hiyo, baada ya ibada, niliwaambia watu. Wengi. Nilisema binti yangu anaingia mwaka wa pili wa uhandisi, moja kwa moja, kwa matokeo ya Bukavu. Pasta alinipa mkono. Kwaya ilipiga vigelegele, na sikuwazuia.

Binti naye hakuwepo kwenye vigelegele hivyo. Katikati ya wiki alikwenda chuoni peke yake, akaomba mitihani ya zamani ya mwaka wa pili, akarudi nayo. Alikaa nayo jikoni siku tatu. Siku ya nne akaniita.

"Nachukua mwaka wa kwanza, papa."

"Wa kwanza! Si ndio niliokuambia tangu mwanzo?"

"Wewe uliniambia niseme sikuwepo. Hawa wanajua nilikuwepo. Si mwaka ule ule."

"Lakini wamekupa wa pili. Mkononi!"

"Wamenipa masomo tisa kwa mpigo, kwa Kiingereza ambacho bado kinanikimbia. Angalia." Akanionyesha karatasi ya mtihani, nikaitazama kana kwamba naielewa. "Hii hesabu nafanya. Hii nafanya. Hii hapa ni michoro ya kompyuta, wenyewe wameanza tangu siku ya kwanza. Sisi tulichora kwa penseli na rula, na rula ilikuwa ya kuazima. Na hii ni maabara ya udongo. Udongo sisi tuliusoma ubaoni, papa. Sijawahi kuushika kwa kipimo. Nikiingia hapo nazama."

"Mama, nimeshawaambia watu mwaka wa pili."

"Watu gani?"

"Kanisa."

"Kanisa ndilo litakaloingia maabara ya udongo?"

Mke wangu hakucheka safari hii. Alisema tu, "Mwache." Lile neno la kwamba mimi ndiye nalipa lilinifika mpaka kwenye meno. Nikalimeza. Halikuwa na ladha nzuri, lakini lilishuka. Nilimtazama binti: hakuwa ananisihi wala hakuwa ananiogopa. Alikuwa amefungua kochi zima, ameona kilichomo ndani, kizuri na kibaya, na ameamua. Nami ndivyo ninavyofanya kazi. Nilisema sawa. Nilisema pia kwamba mwaka wa pili ungekuwa bora, kwa sababu bado nadhani hivyo, na yeye akasema amesikia.

Kanisani nilijirekebisha mwenyewe, Jumapili iliyofuata, kwa watu wale wale. Waliotaka kucheka walicheka. Mwenye duka la simu ndiye aliyefurahi kupita wote. Nilipita dukani kwake kununua kioo, akaniita mbele ya wateja.

"Mzee! Kumbe umerudi kwenye shauri langu! Mwaka wa kwanza, si nilikuambia? Ungenisikia ungeokoa petroli."

"Wewe ulimwingiza kama mtoto aliyemaliza shule jana," nikamjibu. "Hawa wamempokea kama mtu aliyefika na mzigo wake, wakaupima, wakasema huu tunaukubali. Kwa barua. Ya kwako ingemtoa mwaka wa nne."

"Barua ipi?"

Nilikuwa nayo kifuani, bila shaka. Aliisoma mara mbili, wateja wakimsubiri. Alipofika kwenye orodha ya masomo matano alisogeza karatasi karibu na taa.

"Eish," akasema. Kisha, kwa sauti ya chini: "Nimewawekea watu wangapi hapana?"

Sikumhesabia. Nilimwambia awapigie simu wale ambao bado hawajaingia, na kwamba akitaka mfano asimulie habari ya binti yangu, mradi aseme masomo ni matano, si matatu. Watu wana tabia ya kupunguza.

Februari binti akaanza masomo. Wiki ya kwanza alirudi na ratiba, akaibandika kwenye friji kwa sumaku. Ni jedwali la mwaka wa kwanza wote. Saa anazoingia darasani amezipaka rangi ya bluu. Saa za masomo yale matano ameziacha nyeupe. Jumanne ni nyeupe tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Saa hizo anakwenda maabara kabla wenzake hawajafika, anazoea vipimo vya udongo, au anakaa na michoro yake ya kompyuta mpaka macho yanakuwa mekundu. Kiingereza bado kinamkimbia, lakini siku hizi anakikimbiza naye.

Majuzi mzee mmoja wa kwaya alikuja kunywa chai. Alisimama mbele ya friji, akainama, akaipitia ratiba kwa kidole kama mkaguzi.

"Jumanne mtoto hana darasa?" akaniuliza. "Chuo gani hicho? Au wamemfukuza na mnanificha?"

Nilikuwa nalisubiri swali hilo tangu ratiba ibandikwe. Nikamvutia kiti.

"Kaa chini," nikamwambia. "Hiyo Jumanne aliifanya Bukavu."